Zege au Maharage?
Ukiwauliza watu wa Kibamba kwa nini wananunua chakula cha jioni, watakuambia ni uvivu. Mimi sikubali. Nafanya kazi Kariakoo. Nikitoka saa 11 jioni napanda mwendokasi mpaka Kimara, halafu naunganisha daladala. Nikifika nyumbani giza limeshaingia, na maharage ambayo hayakulowekwa yanataka karibu saa mbili jikoni. Nani atayasubiri?

Basi nasimama kwa muuza chipsi. Viazi amekwisha kuvikaanga mapema. Anavirudisha kwenye kikaango, anavunjia mayai mawili, anageuza kwa sahani, anaweka kachumbari na tomato (ambayo, tuseme ukweli, ni maji mekundu). Zege tayari. Nafuu yake iko kwenye mkaa: jiko lake moja linapikia watu wengi, wakati mimi ningewasha langu kwa ajili ya sahani moja.

Ndiyo maana wateja wake wakubwa ni sisi wapangaji wa chumba kimoja. Jirani yangu mwenye watoto wanne hasogei pale. Kwake kilo ya unga, mafungu ya mchicha na dagaa vinalisha nyumba nzima. Maharage anayachemsha Jumapili kwa mkaa, anayagawa kwenye makopo, anayaweka kwenye friji. Katikati ya wiki anayaunga tu kwa gesi. Umeme ukikatika siku nzima, maharage yakachacha, naye utamkuta pale kwa muuza chipsi, analalamikia bei.