Tamko si ngao

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 hauruhusu nchi kuchagua vifungu ivipendavyo, ila kifungu cha 298 kinaiachia itamke kwamba migogoro kama ya mipaka haitapelekwa kwenye uamuzi wa lazima. China ilitamka hivyo 2006. Ufilipino, ikiishtaki China 2013, haikuomba mpaka uchorwe (ujanja halali kabisa). Iliuliza kama madai ya kihistoria ya China baharini yana msingi kisheria. Wasuluhishi wa kesi hiyo wakaisikiliza, na 2016 wakaipa Ufilipino haki kwa sehemu kubwa. Utasema China imeikataa hukumu hiyo, basi ni karatasi tu. Kweli imeikataa, lakini tamko lenyewe halikuizuia kesi. Tanzania, kwa upande wake, ilipouridhia mkataba 1985, ilitumia tamko lake si kukwepa uamuzi bali kuchagua mahakama ya kimataifa ya bahari, iliyoko Hamburg, iamue migogoro yake. Hilo ndilo tamko lenye busara.