Uainishaji wa Namba 4,294,967,297 na Mipaka ya Kipimo cha Utasa

Namba nzima 4,294,967,297 hupatikana kwa kujumlisha 1 na 2³². Ni ya sita katika mfuatano wa namba za Fermat. Tano zinazoitangulia, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni namba tasa: kila moja hugawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Mnamo 1640, Pierre de Fermat wa Ufaransa alieleza imani yake kwamba mfuatano wote ni wa namba tasa. Dai hilo lilikanushwa mwaka 1732, pale Leonhard Euler alipobainisha kwamba namba inayojadiliwa hapa ni zao la 641 na 6,700,417.

Kigawo hicho hakikuhitaji kutafutwa kwa kubahatisha. Kila kigawo tasa cha namba hii sharti kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577 na 641. Ya tano ndiyo inayogawanya.

Uthibitisho wake ni mfupi. Kwa kuwa 641 = 5 × 2⁷ + 1, zao 5 × 2⁷ likigawanywa kwa 641 huacha baki −1; likipandishwa kwenye kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ huacha baki 1. Aidha, 641 = 5⁴ + 2⁴, hivyo 5⁴ inaweza kuwakilishwa na −2⁴. Inafuata kwamba −2³² huacha baki 1. Kwa maneno mengine, 2³² + 1 hugawanyika kwa 641 bila baki.

Kwa kuwa 6,700,417 nayo ni tasa, namba yetu ina vigawo vinne tu. Jumla ya vigawo vilivyo vidogo kuliko yenyewe ni 6,701,059. Kwa hiyo ni namba pungufu. Vilevile ni witiri, na haigawanyiki kwa mraba wowote uzidio 1.

Suala zito zaidi ni kipimo cha utasa. Kanuni ya Fermat yasema kwamba, iwapo n ni tasa na ni witiri, 2 kwa kipeo n − 1 ikigawanywa kwa n huacha baki 1. Namba yetu hutimiza sharti hilo ingawa si tasa: 2³² huacha baki −1, hivyo 2⁶⁴ huacha baki 1, na n − 1, yaani 2³², ni kigawe cha 64. Tukiweka 3 mahali pa 2, baki haiwi 1, na udanganyifu hufichuka.

Hivyo basi, kufaulu kipimo hicho ni sharti la lazima lakini lisilotosheleza. Mtafiti anayeainisha namba kubwa kwa kigezo hicho pekee ataiweka namba hii katika kundi lisilo lake.