Derek Vinyard Alibadilishwa na Nini?

Waliotazama American History X hukumbuka kwanza mauaji ya usiku ule: Derek Vinyard, kijana wa Kizungu mwenye alama ya swastika kifuani, anamuua kijana mweusi kwa ukatili usioelezeka mbele ya nyumba ya akina Vinyard, kisha anapiga magoti mbele ya polisi huku akitabasamu. Tukio hilo halisahauliki. Lakini sisi tunaofuatilia saikolojia ya makundi huvutwa zaidi na tukio jingine, lisilo na damu hata tone: wanaume wawili wakikunja nguo katika chumba cha kufulia cha gereza.

Filamu hii ilitoka mwaka 1998. Iliandikwa na David McKenna na kuongozwa na Tony Kaye, Mwingereza aliyetokea kwenye matangazo ya biashara. Hadithi iko Venice, mtaa wa pwani jijini Los Angeles, na inafuata siku ya kwanza ya Derek uraiani baada ya kifungo cha miaka 3. Mdogo wake, Danny, anaanza kufuata nyayo zake. Mambo ya sasa yanaonyeshwa kwa rangi. Ya zamani kwa nyeusi na nyeupe.

Chuki ya Derek inatoka wapi? Jibu jepesi ni kifo cha baba yake, mzima moto aliyepigwa risasi akiwa kazini katika nyumba ya wauza dawa za kulevya. Mwandishi angeweza kuishia hapo. Badala yake, kuelekea mwisho anaturudisha mezani, wakati baba bado hai. Derek, mwanafunzi hodari, anamsifu mwalimu wake mweusi, Dkt. Sweeney, aliyewapa kusoma riwaya ya Richard Wright, Native Son. Baba hafoki wala hatukani. Analalamika tu, kwa sauti ya mtu mwenye busara, kwamba kikosini kwake wameajiriwa weusi wawili na kuachwa Wazungu waliopata alama bora. Kijana anasita, kisha anaitikia. Cameron Alexander, mzee anayewakusanya vijana wa vipara na kuwafundisha Unazi mamboleo, anakuja kuvuna shamba lililokwisha kupandwa nyumbani. Kwangu mimi hili ndilo tukio la kutisha kuliko yote, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo yanafanyika katika nyumba nyingi, na watoto wanasikiliza.

Sasa turudi kwenye chumba cha kufulia. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Harvard, Gordon Allport, alichapisha kitabu kuhusu chuki za makundi. Alieleza kwamba kuwakutanisha watu tu hakutoshi. Watu wanaweza kuishi jirani miaka mingi na chuki ikazidi. Kukutana huleta nafuu zaidi pale pande mbili zinapokuwa na hadhi sawa, zina lengo moja, zinahitaji kushirikiana ili kulifikia, na mamlaka yanaunga mkono ushirikiano huo. Mtazame Derek na Lamont, mfungwa mweusi aliyepangiwa kazi pamoja naye. Wote ni wafungwa, hakuna bwana. Rundo la nguo ni moja, na ni lazima liishe. Mwanzoni Derek hajibu neno. Lamont hamhubirii, anapiga domo na kutania, anajigamba kuwa yeye ndiye mtu hatari kuliko wote gerezani kwa kuwa chupi za kila mtu zimo mikononi mwake. Siku zinapita, Derek anacheka. Hoja zake zote, zile takwimu alizokuwa akiwamwagia wafuasi wake kabla ya kuvamia duka la Mkorea mmoja, hazijajibiwa hata moja.

Wakati huohuo kundi lake linamvunja moyo kutoka ndani. Anagundua kwamba Wazungu wenzake gerezani, waliojichora alama zilezile, wanafanya biashara ya dawa na Wameksiko. Yeye aliamini kweli, wao wanauza. Anapojitenga nao, wanambaka bafuni. Mambo haya yanakaribiana sana na yale wanayoeleza watafiti wa watu wanaotoka katika makundi ya chuki. Miradi ya kuwasaidia ilianza Norwei mwaka 1997, Uswidi mwaka 1998 na Ujerumani mwaka 2000, na mara nyingi waliotoka husimulia unafiki wa viongozi, uchovu na usaliti kabla ya kutaja mafundisho yenyewe. Mwanasaikolojia John Horgan hutenganisha mambo mawili: kuacha matendo ya kundi na kuacha imani yake. La kwanza linaweza kutokea bila la pili. Derek anafika la pili upesi mno, nadhani, lakini filamu ya saa 2 ina haraka zake.

Nina shaka kubwa zaidi kuhusu zile picha za nyeusi na nyeupe. Derek akishinda mchezo wa kikapu anapigwa picha kama shujaa, misuli iking'aa, mwendo umepunguzwa, muziki unapanda. Ukisema hivyo ndivyo Danny anavyomkumbuka kaka yake, nitakubali. Ila kijana anayetafuta sanamu ya kuabudu ataipata humo bila kungoja tukio la chumba cha kufulia. Kaye naye hakuipenda filamu iliyotoka, kwa sababu zake: aligombana na studio ya New Line juu ya uhariri, ambao Edward Norton, aliyeigiza Derek, alishiriki, akataka jina lake liondolewe na kuandikwa Humpty Dumpty. Alikataliwa. Norton aliteuliwa kuwania Oscar.

Udhaifu mwingine umo katika matumizi ya watu weusi. Sweeney na Lamont wapo ili Derek apone. Ndugu wa vijana wawili weusi ambao Derek aliwaua usiku ule hatukai nao hata dakika moja. Lamont anasimulia kwamba aliiba televisheni, ikamponyoka na kumwangukia polisi mguuni, ikaitwa shambulio, akapewa miaka 6. Derek aliua watu wawili, akapewa 3. Anapoachiliwa anatambua kwamba alikuwa hai kwa sababu Lamont alimkingia kifua kwa wafungwa weusi. Wanaagana, na filamu inaondoka na Derek. Lamont hatumwoni tena.