Nguvu ya Beki: Njia ya Julietha Singano na Afya ya Wasichana Wachezao Soka

Kata ya Kurasini, wilayani Temeke, imekaa kati ya bandari ya Dar es Salaam na Barabara ya Kilwa. Mwendo mfupi wa daladala kutoka hapo upo Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007. Msichana anayecheza mpira kwenye viwanja vya vumbi vya maeneo hayo hukua akiuona uwanja huo kwa mbali. Kwa miaka mingi hakuwa na sababu ya kudhani kwamba miguu yake ingeweza kumpatia riziki. Sasa anayo.

Miongoni mwa waliompa sababu hiyo ni Julietha Singano, beki wa kati. Alijijengea jina katika Simba Queens, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara mara 3 mfululizo, mwaka 2020, 2021 na 2022. Kutoka huko alivuka bahari hadi FC Juárez ya Mexico, akawa mchezaji wa kulipwa katika ligi iliyoanza mwaka 2017. Ameichezea pia timu ya taifa, Twiga Stars. Timu hiyo ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, ikasubiri miaka 15 kabla ya kurudi, mwezi Julai 2025 nchini Morocco. Huko ilitoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi.

Makala haya hayachunguzi afya binafsi ya mchezaji huyo, kwani hiyo ni siri yake na tabibu wake. Tunaitazama kazi yake ili tujiulize: mwili wa beki unadaiwa nini, na sisi wa sekta ya afya tunaulinda vipi mwili wa msichana anayetamani kufuata nyayo zake?

Goti

Mshambuliaji huchagua pa kwenda, na beki humfuata. Kwa sababu hiyo beki hulazimika kusimama ghafla, kugeuka na kuruka kwa wakati asioupanga. Hapo ndipo goti hupata hatari. Ndani yake imo ligamenti ya mbele, mkanda imara unaounganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mara nyingi mkanda huo hukatika bila mchezaji kugongwa na mtu: mguu umekanyaga chini, mwili umegeuka, na goti limeelekea ndani. Wanawake hupata jeraha hili mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume katika soka. Maumbile huchangia, lakini huchangia pia udhaifu wa misuli ya nyuma ya paja, viwanja vibovu, viatu visivyofaa na mazoezi yasiyo na mpangilio.

Mhudumu wa zahanati anaweza kulitambua kwa kusikiliza tu. Mgonjwa atasema alisikia kitu kikikatika, goti likavimba ndani ya saa chache, na sasa linamlegea anapogeuka. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa mizima, kwa kuwa ligamenti haionekani humo. Kumwambia binti huyo kwamba hana tatizo ni kumrudisha uwanjani aharibu na gegedu la goti. Apewe rufaa kwa daktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Nyumbani nako kuna desturi ya kuacha. Goti lililoumia leo halichuliwi wala halikandwi kwa maji ya moto. Lipumzishwe, liwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, lifungwe bendeji isiyobana mno, na mguu uinuliwe. Iwapo upasuaji utafanyika, kurejea katika mashindano kabla ya miezi 9 huongeza sana hatari ya kuumia tena, na hata baada ya muda huo goti lipimwe nguvu kwanza.

Habari njema ni kwamba kinga ipo na haina gharama. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Norway kwa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Waliofuata mpango maalumu wa kupasha mwili moto kwa dakika 20, yaani kukimbia, kuimarisha misuli ya paja na kiuno, kusimama kwa mguu mmoja, na kujifunza kutua na kugeuka, walipungukiwa na majeraha kwa takriban theluthi moja. Majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Mpango huo hauhitaji mashine. Unahitaji mpira, uwanja, na kocha asiyeruka hatua.

Damu na chakula

Mji wa Ciudad Juárez uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ligi ya Mexico humpeleka mchezaji hadi Toluca, zaidi ya mita 2,600. Aliyekulia Pwani hukutana huko na hewa yenye oksijeni haba, na ni chembe nyekundu za damu zinazombebea hiyo iliyopo. Chembe hizo hutengenezwa kwa madini ya chuma, na mwanamke hupoteza chuma kila mwezi kwa hedhi.

Si lazima kupanda mlima ili kuliona tatizo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Mchezaji anayechoka mapema, anayehema kwa mbio fupi au anayependa kula udongo asiitwe mvivu kabla ya kupimwa. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Dagaa, maini, maharage na mchicha husaidia, hasa vikiliwa pamoja na ndimu au chungwa. Chai inywewe mbali na mlo, maana hupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Jambo la pili huonewa haya. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kukosa hedhi. Wengine huifurahia hali hiyo kama nafuu. Kumbe mwili unabana matumizi, na mifupa ndiyo inayolipa. Hedhi ikikosekana kwa miezi 3, aonwe na mtaalamu. Ujauzito upimwe bila kumhukumu, na aulizwe pia anakula nini.

Kwa mhudumu, na kwa mchezaji

Mhudumu mwenzetu, jibu jepesi kwa binti aliyeumia ni "acha mpira". Jibu hilo humfundisha kuficha maumivu ili asinyimwe mchezo. Muulize anacheza nafasi gani, aliumiaje, na mechi inayofuata ni lini, kisha mpangie matibabu yanayolenga kumrudisha akiwa salama.

Nawe binti unayecheza beki, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukigongwa kichwa ukaona kizunguzungu, toka uwanjani siku hiyohiyo, hata kama timu inaongoza kwa bao moja. Goti likivimba, sema. Kazi ya beki ni kuiona hatari kabla haijafika langoni, na mwili wako pia ni lango.