Tumbo lenye kurudia: dawa mupya imejaribiwa, sisi tujifunze nini?

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa kambi,

Tunajuana. Mutu akishikwa na kuhara mbele ya kazi ya usiku, haendi kwa munganga, juu anaogopa kukatwa siku. Anapita kwa muuza dawa wa barabarani, ananunua vidonge vine vya antibiotiki, anameza viwili, viwili anaweka kwa siku ingine. Hata sisi wa sendika tumefanya vile.

Lakini antibiotiki haichagui. Ndani ya matumbo yetu munaishi bakteria nzuri zenye kutulinda, kama walinzi kwenye mulango wa mine. Dawa inaua mwizi, inaua na mulinzi. Pale njo inaingia mikrobi moja inayoitwa Clostridioides difficile. Inaleta kuhara sana, maumivu na homa, na inaweza kuua. Unatibiwa, unapona, kisha kwa mugonjwa karibu 1 kati ya 5 inarudi tena.

Waganga wakajiuliza: kama walinzi wameisha, kwa nini tusiwarudishe? Kule Uholanzi walichukua mavi ya watu wenye afya, wakayapima, wakayachanganya na maji ya chumvi, wakayapitisha kwa mupira mwembamba kutoka puani mpaka kwenye utumbo. Tusicheke. Matokeo yalitoka 2013: kati ya wagonjwa 16, 13 walipona kwa mara ya kwanza. Kati ya 13 waliopewa antibiotiki peke yake, walipona 4 tu.

Nyuma bakteria hizo zikawekwa ndani ya vidonge. Marekani na Kanada, wagonjwa 182 waliotibiwa kwanza na antibiotiki waligawanywa: wamoja vidonge vya kweli, wengine vidonge vitupu, na hakuna aliyejua amepata vipi. Kisha wiki 8, ugonjwa ulirudi kwa 12 kati ya 100 wa dawa, na kwa 40 kati ya 100 wa vitupu. Mwezi wa nne 2023, Marekani ikakubali dawa hiyo.

Wale wagonjwa walielezwa yote mbele, wakakubali wenyewe. Siku jaribio la dawa yoyote likifika kwetu, tuulize vilevile: nani analipa nikizidiwa? Nikikataa, kazi yangu inabaki?

Kwa leo, tufanye haya. Tusinunue antibiotiki bila munganga. Akikupa, fuata siku alizosema, na umwambie dawa ulizokunywa zamani. Tunawe na maji na sabuni, juu pombe ya mikono haiui mbegu za mikrobi hii. Na kuhara kwa maji meupe kama ya muchele inaweza kuwa kolera: kimbia lopitali saa ile ile.

Sisi wa sendika tutaendelea kudai siku ya ugonjwa yenye kulipwa. Mutu asiyeogopa kukatwa feza atakwenda kwa munganga, hatapita barabarani.