Kona yenye maji shambani? Usikimbilie mikaratusi

Kijana, karibu kila shamba la milimani lina kona yake sugu. Ile sehemu ya bondeni ambapo mahindi hugeuka manjano mvua ikizidi, na gambuti zako zinazama. Siku mzee atakapokwambia, "Hapo ni pako, panda unachotaka," utawaza mikaratusi, kwa sababu nguzo zina soko.

Tulia kwanza. Mkaratusi hunywa maji balaa. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ikatwe karibu na mito na chemichemi. Ukiupanda hapo, kona itakauka kweli, lakini kisima cha jirani nacho kinaweza kukauka. Hilo jirani hasahau.

Jaribu alnasi. Kwao ni milimani, kuanzia Mexico hadi Argentina, ambako humea kando ya mito na kwenye miteremko yenye unyevu. Wakulima wa milimani Rwanda na Kabale, Uganda, wameuzoea. Siri iko mizizini: mna vifundo vya bakteria wanaonasa nitrojeni kutoka hewani, kazi ile ile inayofanyika kwenye mizizi ya maharagwe. Majani yakianguka, unapata mbolea ya bwerere.

Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hivyo usizifukie. Zinyunyize juu ya kitalu na uzifunike kidogo tu. Changanya udongo uliochotwa chini ya alnasi iliyokomaa, ili miche ipate wale bakteria. Pandikiza mvua inapoanza. Palipotuama maji, inua tuta ili mizizi ipumue. Mitaro ya kukausha usichimbe kabisa: kinamasi ndicho tangi la kijiji.

Unataka kichaka badala ya mti mrefu? Upogoe kila mara. Matawi yatakuwa fito za maharagwe na kuni. Ukiuacha ukue, utapata mbao.

Lakini tusidanganyane. Alnasi hupenda baridi. Kama uko Kisumu au Mombasa, achana nayo. Na ukingo wenyewe wa mto uachie miti ya kiasili.

Hutatajirika kesho. Lakini ile kona ya vyura itakupa fito, kuni na udongo wenye rutuba, na jirani wa chini ataendelea kuchota maji.