Kilwa Kisiwani: Mali imetoweka, sadaka inakumbukwa

Qur'ani Tukufu inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Kwa nia hiyo, sisi familia kadhaa tulivuka kwa mashua asubuhi kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, tukarejea kabla ya Magharibi.

Tulisimama katika Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuba zingalipo, mihrabu ingalipo. Safu za wenye kuswali hazipo. Watoto wakauliza: wamekwenda wapi?

Mji huu ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, anasimulia kuwa Sultani Hasan bin Suleiman alikuwa akitoka swala ya Ijumaa, fakiri wa Kiyemeni akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili, akampa. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora.

Enyi wazazi, dhahabu ile haipo, lakini nguo ile ya sadaka inasimuliwa hadi leo. Tuwapeleke watoto wakajionee, tusiondoe hata jiwe moja, kisha tujiulize: misikiti yetu iliyo mizima ina safu ngapi wakati wa Alfajiri?